Mounira Akataa Miaka ya Vita Ifutwe

Kila siku baada ya masomo, Mounira, msichana wa miaka kumi na mitatu, alipita kwenye kituo cha uzazi cha Kasuku kumngoja mama yake. Kazi ya Mama Safi ilikuwa kuandikisha watoto wachanga kwenye kompyuta.

Siku moja hakuandikwa mtoto yeyote. Seva, ile kompyuta inayotunza habari zote za kituo, ilikuwa imegoma kwa sababu diski yake imejaa. Akina mama walikaa kwenye mabenchi, wachanga mapajani. Fundi Donatien alikuja, akatazama kidogo tu.

"Ni rahisi," alisema. "Tunafuta habari za miaka ya vita. Nani anazihitaji tena?"

Mounira akaruka, akasimama mbele ya seva.

"Hapana, Papa Donatien! Kaka yangu Masudi alizaliwa hapa wakati wa vita, treni haifiki, watu wanalala porini. Karatasi za miaka ile zililiwa na mchwa. Habari zake zimebaki humu tu. Ukifuta, atakuwa hakuzaliwa?"

"Toka hapo, mutoto!"

"Sitoki! Umeangalia ni kitu gani kimejaza diski?"

Donatien alimgeukia Mama Safi ili amwondoe binti yake. Mama Safi akasogea, akasimama bega kwa bega na Mounira.

"Umujibu kwanza," alisema.

Fundi akafungua mashine kwa hasira. Punde hasira ikamwisha. Habari za miaka ya vita zilichukua nafasi ndogo sana. Zilizojaza diski ni logi, yaani faili ambamo seva huandika kila badiliko linalofanywa. Seva haiachilii logi mpaka nakala ya akiba ichukuliwe, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuichukua, zilirundikana tu.

"Basi tufute hizo!" alisema Mounira.

"Hapana. Ukizifuta kwa mkono, unaweza kuharibu kila kitu. Tunachukua nakala ya akiba kwenye diski nyingine, kisha mashine yenyewe itaachilia logi za zamani."

Alifanya hivyo, akapanga nakala ichukuliwe kila siku. Kabla ya jioni mama wa kwanza aliitwa.

"Ulinikasirisha, binti," Donatien alisema. "Lakini ulikuwa na haki."

Njiani Mama Safi alimwambia Mounira, "Wakubwa unawaheshimu. Lakini kunyamaza mtu akiharibu, hiyo haiko heshima. Nyumba ikijaa, hufukuzi watu. Unatafuta kwanza kinachoijaza."