Mpira Mmoja Kati ya Minne

Mwalimu ndiye aliyeuona kwanza. Jumamosi asubuhi, siku tano kabla ya safari, aliingia stoo kutoa mabegi akakuta mpira wa kupumulia chini ya maji wa mumewe uko vipande viwili. Haukuliwa na panya wala haukuchakaa. Ulikatwa kwa kitu chenye makali, mara moja, katikati kabisa.

Hakupiga kelele. Alifunga mlango, akampigia simu dada yake.

Dada yake alikuwa sajini wa upelelezi, na siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Alifika saa nne na kandambili zake, akapita moja kwa moja hadi stoo, kachumba nyuma ya jiko kenye dirisha la nondo. Mlango haukuvunjwa. Hema lilikuwepo, sufuria zilikuwepo. Ukutani kulikuwa na misumari minne, kila mmoja umening'iniza vifaa vya kupigia mbizi vyenye utepe wa rangi ya mwenyewe. Vya mume, vyenye utepe wa njano, vilikuwa kona ya ndani kabisa, nyuma ya vingine.

"Nani anajua rangi hizi?" Sajini aliuliza.

"Sisi wanne tunaosafiri. Mimi, mume wangu, wifi yangu, na rafiki yetu Kamba."

"Funguo?"

"Huning'inia jikoni. Na jana jioni wote walikuwa hapa, tulikuwa tunafunga mizigo."

Sajini alichuchumaa. Sakafu ilikuwa na vumbi, isipokuwa sehemu moja ya mraba karibu na mlango, safi kama imepigwa deki. Aliitazama, kisha akainuka.

"Kwani huo mpira haununuliki mwingine?"

"Dada, tumejibana mpaka hapana tena pa kubana. Tutalala kwenye hema, tutajipikia, hata chumvi tunaondoka nayo hapa. Vifaa vyenyewe tulivipata kwenye shule ya kuzamia iliyofunga milango, mume wangu akavifufua mwenyewe. Kukodi kule ni kwa siku, na kwa bei yao, tungeogelea siku moja tukarudi nyumbani."

Mume wa Mwalimu alikuwa fundi wa friji, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu. Sajini alimkuta uani akihangaika na vipande vya ule mpira, jasho likimtiririka. Alipoinua shati kujifuta uso, kovu dogo la mshono lilionekana ubavuni, chini ya kwapa.

"Hilo la nini, shemeji?"

"Baiskeli. Niliangukia senyenge, zamani, kabla sijaoa." Alishusha shati upesi. "Wewe mtafute Kamba. Usipoteze muda."

"Kwa nini Kamba?"

"Yeye anataka mlima. Kisiwa kina matumbawe na kina mlima, na sisi hatuna uwezo wa kufaidi vyote. Tukapiga kura, bahari ikapewa siku nne, mlima siku moja. Juzi alisema mbele yetu kwamba bahari hiyo tutaijutia."

Kamba alikuwa rafiki wa Fundi tangu utotoni, mpanda milima asiyetoka nyumbani bila kamba begani. Alikuja alipoitwa, akakaa barazani na kuapa kabla hajaulizwa.

"Sijagusa mpira wa mtu, afande."

"Jana uliingia stoo?"

"Sikuingia."

"Begi lako la safari liko wapi?"

Kamba aliishusha kamba begani, akaiweka magotini.

"Kuna mahali pa mraba pasipo na vumbi karibu na mlango," Sajini alisema. "Kitu kikubwa kilikaa pale wiki nyingi, kikaondoka juzijuzi. Mabegi matatu yapo. La nne silioni."

"Nililichukua," Kamba alisema kwa sauti ndogo. "Wakati wanakula. Nilitaka kujitoa. Sikujua nimwambieje Fundi, ameihangaikia safari hii mwaka mzima. Kama kuchukua begi langu ni wizi, nifunge."

"Ulipoingia, mpira wake ulikuwaje?"

"Mzima! Nilipita, nikaiona mipira yote minne. Mizima."

Jikoni, Mwalimu alimvuta dada yake pembeni.

"Mimi nitakwambia ukweli. Ni wifi. Tangu niolewe hajawahi kunikunjulia uso. Na safari hii, kila tukitaja bahari ananuna. Mlima ukitajwa, anacheka na watu."

"Lakini naye amejifunza kuzamia?"

"Na amefaulu kutuzidi. Ndiyo maana sielewi. Mawifi, dada! Kikulacho ki nguoni mwako."

Sajini alirudi stoo peke yake. Alijaribu kuufikia msumari wa ndani. Ilimbidi kwanza ashushe vifaa vya Kamba, aviweke chini, kisha avirudishe. Alikaa juu ya hema akafikiri kwa muda. Kisha akawaita wote sebuleni.

Wifi alikuwa wa mwisho kuingia. Alikuwa dada mkubwa wa Fundi, muuguzi wa hospitali kubwa ya mjini, mwanamke wa maneno machache. Alikaa karibu na mlango.

"Kamba hakukata," Sajini alianza. "Anayeichukia bahari angekata mipira yote minne. Huyu aliuacha wa Kamba, uliokuwa mbele na rahisi kuufikia, akautoa njiani ili aufikie wa Fundi. Alimtaka Fundi peke yake."

"Kuniua!" Fundi aliruka.

"Kaa chini, shemeji. Anayetaka kukuua angetoboa tundu dogo usilione, likakumaliza huko chini. Huu umekatwa ili uonekane, hapa nyumbani, mapema. Aliyekata alijua hamna uwezo wa kununua mwingine wala kukodi. Hakutaka ufe. Alitaka usizamie."

Mwalimu alimtazama mumewe, kisha wifi yake, kisha tena mumewe.

"Na lile kovu si la senyenge," Sajini aliendelea. "Senyenge huchana ovyo. Nimeona makovu kama lako kwa askari wenzangu waliochomwa visu kifuani. Pale ndipo daktari anapopitisha mpira wa kutoa hewa." Alimgeukia Muuguzi. "Nani hapa angelijua hilo, isipokuwa aliyekuwa naye wodini?"

"Dada," Fundi alisema, "uliniapia."

"Niliapa, ndiyo." Muuguzi hakuinua sauti. "Na nimenyamaza. Pafu lako lilipasuka umekaa kwenye kiti, huinui hata ndoo. Huko chini ya maji utavuta hewa iliyobanwa. Ukipanda juu inatanuka, na pafu linapasuka tena. Wewe ni fundi wa gesi, nikufundishe mimi? Mkufunzi wa kuzamia alituuliza mbele ya watu wote nani amewahi kuugua kifua. Ukatikisa kichwa. Nilikusihi mara ngapi? Jana, mlipoondoka mezani, nikachukua mkasi."

Mwalimu alisimama taratibu.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza mumewe, si wifi.

"Ulikuwa umetoka kumzika baba yako. Aliyekufa kwa kifua hichohicho. Ungekubali kuolewa na mtu wa namna hiyo?"

Sajini aligeukia dirishani. Marehemu alikuwa baba yake pia, na kile kikohozi cha miezi ile ya mwisho alikuwa bado hajakisahau.

"Ungeniuliza," Mwalimu alisema. "Ungeniacha nijibu mwenyewe."

Kamba alikohoa, akasema kama kuna mlima wa kupanda taratibu, yeye bado yupo. Mwalimu akamjibu kwamba bahari au mlima ataamua daktari, Jumatatu, na yeye atakuwa ndani ya chumba cha daktari, si kwenye benchi la nje.

Kisha akavuta kiti, akakaa karibu na wifi yake, magoti yakigusana.

"Kuna kingine mnachonificha?"

"Hakuna, mke wangu," Fundi alijibu haraka.

Mwalimu hakumtazama. Macho yake yalibaki kwa Muuguzi, akasubiri.

"Hakuna, wifi," Muuguzi alisema.

"Haya," Mwalimu alisema. "Sasa nimeamini."