Mpingo Ndani ya Begi

Kila akitoka shule, Noela hubadilisha sare, hula chakula alichobakishiwa, kisha huketi barazani kwao Mbagala kupiga msasa vinyago vya baba yake. Baba huyo, Venance, ni mchongaji, tena mtu wa mpingo kwelikweli. Akiona kipande kizuri, hata njaa huisahau.

Mwezi uliopita alipeleka vinyago kwenye kambi ya watalii, porini kabisa kusini. Siku ya kurudi alimpigia Noela simu kutoka kiwanja cha ndege, ambacho kilikuwa kipande cha ardhi iliyofyekwa tu.

"Nimepata mpingo, mwanangu, mweusi tii! Begi walishalipima, mie nikapenyeza magogo baadaye. Usimwambie mama yako, atanipigia kelele."

Noela alicheka. Jioni ile habari zikafika: ndege ndogo aliyopanda baba ilikuwa imeshindwa kupaa, ikapitiliza kiwanja na kujibamiza vichakani. Hakuna aliyekufa. Venance alivunjika mguu. Rubani, kijana aitwaye Ansbert, alisimamishwa kazi.

Tangu hapo Noela alikufa ganzi. Hakulia wala hakuuliza kitu. Alipiga msasa kinyago kimoja mpaka pua ya kinyago hicho ikaisha. Baba aliporudi na mguu uliofungwa plasta, alimpa shikamoo, akampa maji, akaenda zake.

Majirani walijaa sebuleni.

"Rubani huyo alilewa tu," alisema Mama Herieth wa nyumba ya pili. "Vijana wa siku hizi!"

Venance alitazama ukuta. "Inawezekana," alijibu.

Neno hilo lilimchoma Noela. Hakuwa amehisi kitu chochote tangu ajali.

Wageni walipoondoka, alisimama mbele ya baba yake. "Baba, wachunguzi wa ajali wakija kesho, utawaambia habari ya magogo?"

Mama yake, Adelina, aliacha kukusanya vikombe. "Magogo gani?"

"Nani kakwambia ndiyo yaliyoangusha ndege?" Venance alifoka.

"Sijui, baba. Na wewe hujui. Lakini rubani naye hakujua amebeba nini."

Adelina akaketi taratibu, vikombe mkononi. Baadaye sana Venance akasema, "Nipe simu." Akawapigia wachunguzi wale na kueleza yote. Hapo ndipo Noela alipolia, akalia mpaka kwikwi zikamshika.

Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege ilizidiwa na uzito, na abiria wengine nao walikuwa wameficha mizigo yao. Ansbert alirudishwa kazini. Kambi ile haikununua tena vinyago vya Venance, naye hakulalamika.

"Mwanangu," alimwambia Noela, "nilikosa mara mbili. Niliuficha mzigo, kisha nikakufundisha wewe kuficha. Mizani ile ya kupimia mabegi haikuwekwa kutukomoa, iliwekwa ili sote tufike. Siku mtu mzima akikuomba umfichie uongo, hata akiwa mie baba yako, mkatalie."

"Ndiyo, baba," alisema Noela.