Kigoda cha Bi Somoe

Jua lilikuwa linazama nilipoingia dukani kwa mzee Kazim, hapa Kilindoni, kuchagua kamera. Nilikuwa nimechuja mpaka zikabaki mbili. Moja ndogo, nyepesi, inavuta mpaka ndege aliye juu ya mnazi wa jirani. Nyingine ya zamani, nzito, lakini lenzi yake ina mdomo mpana na inaona kwenye kiza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Umi. Chukua hiyo ndogo. Kizani kuna nini cha kupiga?"

"Bibi yangu."

Akairudisha ile ndogo rafuni. Kilindoni nzima inajua habari za Bi Somoe. Hana picha hata moja. Katika picha za harusi ya mama wote wanaonekana, wanacheka, ila penye uso wa bibi pana doa jeusi. Kwenye simu zetu ni vilevile. Wanasema ana pepo, na pepo huyo hataki sura yake ichukuliwe.

Maneno hayo yalikuwa yamenichosha. Bibi alikuwa kitandani, anapungua kila siku, na asubuhi ile alinishika mkono akaniuliza kama nitaikumbuka sura yake. Nilikasirika. Si kwa bibi, ila kwa huyo asiyeonekana.

Mzee Kazim aliijaribu ile nzito kwa kunipiga mimi. Uso wangu ulitoka vizuri, mpaka kovu la kidevuni. Nikaichukua.

Chumba cha bibi hakifunguliwi dirisha, kwa sababu mwanga unamchoma macho. Taa ilikuwa moja tu, ndogo. Kulinukia udi... na hakuna aliyefukiza.

"Bibi, nitazame."

"Ataudhika," alinong'ona.

"Na audhike."

Nikapiga. Picha ikatoka imetikisika, haina uso wala ukuta. Kwenye kiza kamera huchelewa kufunga jicho lake, na ile ilikuwa nzito, mikono haitulii. Nilihitaji kukaa, viwiko juu ya magoti. Chumbani mlikuwa na kigoda kimoja tu, kimefunikwa kaniki. Kigoda cha pepo. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona mtu akikikalia, na mama hufagia akikizunguka.

Nikakikalia.

Kilikuwa na joto.

Nyuma ya shingo yangu mtu akavuta pumzi. Taratibu... Harufu ya udi ikanijaa kooni. Nikakaza viwiko juu ya magoti.

"Siondoki," nilisema kwa sauti ya chini. "Na picha napiga."

Kamera ikalia, kacha.

Pumzi ikakoma.

Bibi akaanza kulia. "Umi... mbona niko peke yangu?" Akajipapasa kifua. "Umekaa wapi, mwanangu?"

Nilikuwa natazama kioo cha kamera. Uso wa bibi ulikuwemo wote, na mikunjo yake, na kipini puani, na macho yenye machozi. Alikuwa mzuri, na mimi nikalia pia.

Kesho yake jioni nilirudi kwa mzee Kazim anitolee picha ile kwenye karatasi. Aliitazama sana, akamwita mkewe, Mehrunissa, naye aje aone. Walifurahi kama ni bibi yao.

"Simama hapo uishike," alisema mzee, "niwapige wote wawili." Akachukua ile kamera ndogo. Akapiga. Akatazama. Akapiga tena, kwa simu yake.

Tabasamu lake likafutika.

Picha ya bibi mikononi mwangu ilionekana safi. Vidole vyangu safi, baibui langu safi. Juu ya shingo, doa jeusi.

"Irudishe ile kamera," alinong'ona Mehrunissa. "Tutakupa hii."

"Kamera haina kosa," nikasema.

Sasa picha ya bibi iko ukutani, mbele ya kitanda chake, na haishuki. Anajitazama, anacheka. Mama anataka tumwite mganga. Nimekataa. Pepo akitolewa kwangu atarudi kwa bibi, na kwa bibi simwachi arudi. Kigoda nimekihamishia chumbani kwangu, na nimemwambia huyo waziwazi: uso wangu chukua, lakini anayeshika kamera ni mimi.

Hajanijibu. Ila siku hizi, katika kila picha ninayopiga, watu hawaitazami lenzi. Wote wanatazama juu kidogo ya bega langu.

Mimi sigeuki. Nawaambia watabasamu.