Mipira ya Kushoto

Kila jioni, Hilda alipokwisha kuvua sare za shule na kuosha vyombo, alitwaa raketi mbili zilizotundikwa nyuma ya mlango akamfuata shangazi yake uwanjani. Kutoka kwao Bombambili hapakuwa mbali. Uwanja wenyewe ulikuwa wa udongo wa kichuguu ulioshindiliwa, na kabla ya kucheza ilibidi waunyunyizie maji, la sivyo vumbi jekundu liliwajaa puani.

Shangazi Lidwina alikuwa bingwa wa tenisi. Alianza akiwa msichana wa kuokota mipira ya watumishi wa serikali waliocheza hapo, huku akijifunza peke yake kwa kupiga ukutani na kibao alichochongewa na baba yake. Akawa bingwa wa mkoa. Akaenda Dar es Salaam, akarudi na kombe la taifa, na kwaya ya kigango, kanisa dogo la mtaani kwao, ikampokea stendi kwa ngoma. Sasa alikuwa ameshavuka miaka arobaini, lakini hapakuwa na mwanamke Songea aliyeweza kumpokonya ubingwa wa mkoa.

Mwaka huo Hilda aliona jambo. Mpira ukienda kulia, Shangazi aliurudisha kama zamani. Ukienda kushoto, ulimpita naye hata hajageuka. Nyumbani nako, alikuwa akijigonga bega la kushoto kwenye miimo ya milango.

"Miguu imekuwa mizito, mwanangu," alisema. "Uzee haubishi hodi." Lakini Hilda alijua si miguu; upande wa kushoto Shangazi haoni.

Siku moja alikosa mipira mingi, akarudi amenuna, akakataa ugali, akalala mapema. Hilda alimwonea huruma hadi machozi yakamlenga. Kesho yake akapiga mipira yote upande wa kulia. Shangazi aliirudisha yote, akacheka kwa sauti.

"Umeona? Nguvu zimenirudia!"

Tangu jioni hiyo Hilda hakupiga tena kushoto. Baba yake, Mzee Hironimus, alipomuuliza, "Dada yangu anaendeleaje na mazoezi?" alijibu, "Vizuri sana, baba." Aliona amefanya wema.

Siku ya mashindano ya mkoa watu walijaa. Mpinzani alikuwa Fortunata, mwalimu kijana kutoka Tunduru. Kabla ya mchezo alimwinamia Shangazi kwa heshima. "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Usinionee huruma, eh!"

"Nikikuonea huruma utanichapa," Fortunata akajibu, wakacheka.

Mwanzoni walikwenda sawasawa. Kisha Fortunata akapiga mpira mmoja kushoto, ukapita. Akapiga wa pili, ukapita. Mtu yeyote anayejua mchezo hahitaji kuambiwa mara tatu.

Hilda aliketi kando ya uwanja, mikono imekumbatia magoti. Alitaka kupaza sauti, "Shangazi, kushoto!" lakini mtazamaji haruhusiwi kusema. Hata angeruhusiwa, maneno yangemsaidia nini mtu ambaye haoni? Kila mpira ulipopita, alihisi kana kwamba ameupiga yeye.

"Bingwa kasinzia!" alipiga kelele Daimu, dereva wa bodaboda, na watu wakacheka. "Mleteeni mkeka!"

Fortunata akadondosha mpira mfupi karibu na wavu. Shangazi aliukimbilia kwa nguvu zake zote, akajibamiza kwenye kiti kirefu cha mwamuzi, akaanguka. Damu ikamtoka kwenye nyusi. Fortunata alitupa raketi akamkimbilia.

"Dada Lidwina! Hukukiona kiti?"

Shangazi alitazama kulia. "Kiti kipi?"

Kicheko kikakatika. Kiti kilikuwa hapo hapo ubavuni mwake, upande wa kushoto.

Kesho yake Mzee Hironimus aliwapeleka kliniki ya macho. Daktari Urban alimpima Shangazi kwa muda mrefu, kisha akavuta kiti akaketi.

"Mama, hii ni presha ya macho. Haiumi, kwa hiyo mtu hajui. Inakula uwezo wa kuona pembeni, polepole. Jicho la kushoto limekwisha kuharibika. La kulia limeanza."

"Litapona lini?" Hilda aliuliza.

"Kilichopotea hakirudi, binti. Dawa ya matone, akiitumia kila siku bila kuacha, italinda kilichobaki. Mngewahi, tungeokoa zaidi."

Hapo Hilda akaangua kilio. Akaeleza yote: mipira ya kulia, bega, na jibu alilompa baba yake. "Nilitaka afurahi," alisema. "Nilijua haoni, nikanyamaza."

Baba yake aliinamisha kichwa. "Hata mimi nilimwona akijigonga. Nikacheka, nikamwita mzembe."

Daktari akasema, "Laumuni ugonjwa, si mtoto. Ila ninyi ndugu wa damu njooni mpimwe wote, kwa maana ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Msisubiri maumivu ndipo mpime macho."

Hilda hakuthubutu kumtazama Shangazi. Alijua shangazi yake hatashika tena kombe lolote, na hapakuwa na la kufanya. Lakini mkono wenye sugu za raketi ulimgusa kichwani.

"Nyamaza, mwanangu. Nisikilize. Jana nilidhani yule mwalimu wa Tunduru ni adui yangu. Kumbe yeye ndiye aliyenileta hapa. Ninyi mnaonipenda mlinificha; yeye alinipiga pale nilipokuwa kipofu, nikajua. Ukimpenda mtu, mwambie unachokiona, hata kama atanuna asile. Kununa kutaisha. Jicho likiisha, limeisha."

Akainua uso kuelekea dirishani, jicho la kulia likiwa wazi kabisa. "Haya, daktari, mfundishe huyu kutia dawa. Ana mkono usiotikisika, na kuanzia leo hatanidanganya."