Mwanafunzi wa Kiti cha Kulia

Kaluki alikuwa amekwenda kuchukua sanduku la spana tu. Hakuwa na shughuli nyingine Thika jioni ile ya Jumanne, mwaka wa tisini na tisa. Sanduku lilikuwa la kakake Kimeu, fundi wa magari, na lilikuwa limekaa wiki mbili katika duka la spea la Irshad. Mama yao alikuwa amesema vyombo vya kazi vya mgonjwa havilali kwa watu.

Irshad alikuwa anafunga milango. Alipomwona alishusha sauti, kama mtu aliyeingia matangani.

"Fundi anaendelea aje, mwalimu?"

Wengi walimwita hivyo. Kaluki alifundisha udereva Ruiru, mtaa wa Gatongora, mwaka wa saba sasa. Kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha kushoto, mwanafunzi akiwa kulia, na kuweka mguu juu ya ile breki ya pili wanayofungiwa walimu. Breki hiyo ilikuwa imeokoa mbuzi wengi, baiskeli kadhaa na ukuta wa kanisa moja.

"Halali. Macho wazi tu," Kaluki alijibu. "Na hiyo miguu..."

Hakumaliza. Miguu ya Kimeu ilikuwa inakanyaga. Mchana na usiku, pale kitandani nyumbani Theta, wa kulia ulisukuma chini, wa kushoto ukapanda na kushuka, na mikono ikazungusha kitu kisichokuwepo. Daktari mmoja alisema ni malaria ya kichwa, mwingine akasema ni mawazo. Mama yao, Ndunge, alikuwa na kipimo chake. Kila asubuhi alipitisha vidole kwenye mbavu za mwanawe, na kila asubuhi mbavu zilikuwa karibu zaidi. Kimeu hangemaliza mwezi, na nyumba nzima ilijua.

"Kuja uone kitu," Irshad alisema.

Nyuma ya duka kulikuwa na chumba kisicho na dirisha. Ndani yake mlikuwa na meza, kompyuta, stuli, na pedali tatu zilizofungwa kwa bolti kwenye ubao. Binamu ya Irshad aliyekaa Uingereza alikuwa amemletea mchezo wa magari ya mashindano ya zamani, yale ya miaka ya sitini, injini kubwa na magurudumu membamba. Usukani wake wa plastiki ulivunjika mwezi wa kwanza. Kimeu, ambaye hajawahi kukubali kwamba kitu kimekufa, alifunga mahali pake usukani wa kweli. Ulikuwa wa mbao, wa gari kuukuu, na ulikuwa umelika pale ambapo mikono ya mtu ilikuwa imezoea kukaa.

"Ile Ijumaa alikuwa anaendesha, stima zikapotea," Irshad alinong'ona. "Nikaenda nikaleta mshumaa. Skrini ilikuwa nyeusi, mwalimu. Na yeye alikuwa bado anaendesha."

Adhana ya magharibi ikaanza. Irshad akachukua kofia yake.

"Narudi saa hii. Tafadhali usiguse."

Angemwambia mtu mwingine. Kaluki alivuta stuli, akakaa, akabonyeza kitufe.

Barabara ikatokea, na miti, na mwanga wa jioni ya mahali fulani. Akatia gia. Gari likaruka mbele, nyuma ikapita mbele, na akajikuta anaangalia alikotoka. Miaka saba ya ualimu ilimalizika ndani ya mita hamsini. Akajaribu tena. Mara hii alifika kona ya kwanza, akaachilia mafuta katikati yake, na mkia ukamtupa kwenye nyasi. Mara ya tano alifika mbali kidogo, kwenye daraja la mbao, na hapo akatazama kioo.

Kulikuwa na gari nyuma yake.

Lilikuwa la rangi ya kutu. Halikuwa na nambari.

Ndipo harufu ikaja. Mafuta ya mbarika... yale nyanyake aliyokuwa akiwapaka watoto wachanga. Yalinukia moto, kama yaliyomwagikia bomba la injini. Na karibu na sikio lake la kulia, mtu akanong'ona:

"Kanyaga."

Mguu wake ukatii. Yeye hakuuambia. Gari likapita daraja likipiga kelele, kona ikaja, na mikono yake ilikuwa imeshikwa juu na mikono mingine, baridi, mikubwa. Alijivuta kwa nguvu zote, akaanguka na stuli yake sakafuni.

Hofu ilimshika dakika mbili hivi. Baada ya hapo ikawa hasira, na hasira ya Kaluki ilikuwa kitu cha kudumu.

Irshad aliporudi alimkuta amesimama.

"Uliweka magari mengine ndani?"

"Nilizima yote," Irshad alisema. "Kwani umeona moja?"

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Githinji, mwenye gereji Ruiru ambako Kimeu alifanya kazi. Githinji alisikiliza huku anafuta mikono kwa kitambaa, na alipofuta vidole vyote alianza upya.

"Nilimwambia," alisema. "Usukani wa gari lililoua mtu hautolewi hivi hivi. Unamwaga tone la mafuta ya mbarika, yale yaliyowekwa kwa injini za mashindano zamani, kwa kiti cha dereva. Unamwambia mwenyewe unachukua nini, na kwa nini. Kila fundi hapa anafanya. Hata sisi tumeokoka tunafanya. Kimeu alikuwa na haraka, akanicheka."

"Mwenyewe ni nani?"

"Nani anajua? Wengine wanasema alikuwa mwenye shamba la kahawa. Wengine wanasema alikuwa fundi tu, aliiba gari la tajiri wake aingie mashindano. Tulilikuta hapa na nyasi ndani." Alikohoa. "Kitu moja wote wanakubaliana. Alikufa kwa kona, baada ya daraja. Hakumaliza hiyo raundi."

"Basi namrudishia usukani wake leo."

"Unarudisha wapi? Watu wa vyuma kuukuu walibeba lile gari wiki jana. Saa hii ni nondo."

"Nitauchoma."

Githinji akamtazama kwa huruma.

"Na kakako bado ameushika?"

Kaluki alirudi Thika jioni hiyo, na ya Alhamisi, na ya Ijumaa. Irshad alikuwa na wazo lake: dawa ya moto ni moto. Mshinde huyo mtu kwa mwendo, alisema, atamwachilia fundi. Kaluki hakuwa na wazo bora, kwa hiyo alijifunza.

Alijifunza kwamba magari yale hayapendi kuambiwa mambo mawili kwa wakati mmoja. Unafunga breki gari likiwa limenyooka, unaachilia, ndipo unakata kona. Ukichanganya, linakugeuka. Alijifunza kuongeza mafuta kwa kidole gumba cha mguu, kidogo kidogo, maana magurudumu yale membamba yalikuwa na subira ndogo. Alijifunza kwamba mkia ukianza kuondoka huutazami. Unatazama unakotaka kwenda, na mikono inafuata. Aliteleza, akagonga miti, akalala kwenye mitaro, akarudia. Kusema kweli, alianza kuyapenda. Kufikia Ijumaa aliweza kuzunguka karibu raundi nzima bila kuteleza, lile gari la kutu likimfuata kimya.

Karibu. Kila alipofika darajani harufu ilikuja, na sauti ikaja, na mguu ukawa si wake.

"Kanyaga."

Safari ya mwisho mikono ile ilimshika muda mrefu zaidi. Alipofanikiwa kujitoa, mguu wake wa kulia uliendelea kukanyaga peke yake mpaka alipofika stendi. Mama mmoja muuza ndizi aliutazama, akahamisha beseni lake.

Jumamosi ujumbe ulifika kutoka Theta: Kimeu amekataa hata maji.

Kaluki aliketi kwenye gari la shule ya udereva bila kuliwasha, kiti chake cha kushoto, na akafikiri. Alikuwa ameshindana na mtu huyo siku nne, na siku zote nne alikaa mahali pa dereva. Mahali pale palikuwa na mwenyewe. Na tangu lini yeye, Kaluki, akashindana na mtu asiyejua kufunga breki? Watu wa namna hiyo aliwalea kila siku kuanzia saa mbili asubuhi.

Saa kumi na mbili na nusu alikuwa Thika, na chupa ya mafuta ya mbarika mfukoni na sanduku la Kimeu mkononi. Alimsubiri Irshad aende kusali. Akatoa spana ya kakake, akafungua bolti, akaing'oa pedali ya breki kwenye ubao na kuivuta na waya wake upande wa kushoto. Mbele ya breki akaweka stuli ya pili. Stuli ya kulia akaiacha tupu, akabonyeza kitufe.

Akamwaga tone moja juu yake.

"Usukani wako ulichukuliwa bila wewe kuambiwa," alisema kwa sauti. "Fundi alikosea. Nakuambia sasa, na nakuomba radhi kwa niaba yake. Lakini hapa ndani mwalimu ni mimi. Ukitaka kuendesha, utaendesha ninavyosema. Kaa."

Akaweka mguu juu ya breki.

Kisha stuli ya kulia ikalia, kama inavyolia mtu mzito akikaa.

Pedali ya klachi ikashuka. Usukani ukacheza kidogo, kushoto, kulia. Kwenye skrini barabara ikaanza kuja, na kwenye kioo hakukuwa na gari lolote. Halikuwa na sababu tena ya kufuata. Lilikuwa limefika.

"Polepole," Kaluki alisema. "Gia ya pili. Hapo."

Walipita kona ya kwanza. Walipita miti. Mtu huyo alikuwa dereva, hilo halikuwa na ubishi. Mikono yake isiyoonekana ilikuwa laini kuliko ya Kimeu, laini kuliko yake. Harufu ilijaa chumba mpaka machozi yakamtoka.

Ndipo stima zikapotea.

Giza. Feni ya kompyuta ikazima. Skrini ikafa. Na kulia kwake, katika giza, usukani uliendelea kuzunguka... kwii... kwii... na pedali ya mafuta ikashuka mpaka mwisho.

Kaluki hakuona barabara. Ilimbidi kuisikia. Akasikia upepo, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Akasikia mbao, moja baada ya nyingine, zikipita chini.

Daraja.

"Kanyaga," mtu akanong'ona. Safari hii haikuwa amri. Ilikuwa sauti ya mtu anayeogopa na hajui jambo jingine la kufanya.

"Hapana," Kaluki alisema, na akafunga breki.

Pedali ilimsukuma. Alikaza mguu, akaegemea ukuta, akasukuma kwa mwili wote. "Hapana! Breki kwanza, ukiwa umenyooka. Toa mguu kwa mafuta. Toa! Mimi ndiye ninakuambia." Kitu baridi kikamshika kifundo cha mguu, akakiacha kishike. "Sasa naachilia. Kata. Usiangalie mti. Angalia unakoenda. Kidogo... kidogo... sasa ongeza. Polepole, nimesema polepole."

Usukani ukazunguka kwa utaratibu. Ukakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko kona yoyote aliyowahi kupita. Kisha ukanyooka.

Kando yake mtu akashusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu sana.

Kaluki alikuwa amelowa jasho, analia, na anataka kucheka. Na kwa mazoea tu, kwa yale maneno aliyowaambia wanafunzi mia tatu kila mwisho wa somo, akasema:

"Umejaribu. Siku ingine tutafanya kuegesha."

Stuli ikalia tena. Ikanyamaza.

Stima ziliporudi chumba kilikuwa chumba tu. Irshad alimkuta anafungua bolti za usukani. Nyumbani Theta, Ndunge alieleza baadaye, ilikuwa saa ileile miguu ya Kimeu ilipotulia. Alilala siku mbili. Alipoamka aliomba uji, na akauliza nani alikuwa ameshika breki.

Usukani waliuchoma Jumatatu nyuma ya duka, baada ya kumwaga mafuta na kusema yanayosemwa. Uliwaka vizuri. Githinji alikuja mwenyewe kushuhudia, na aliondoka wa mwisho.

Wiki tatu zikapita. Kimeu alirudi kazini, mwembamba lakini mzima, na sasa hakuna gari kuukuu aliloligusa bila kulisalimu. Jioni moja, Gatongora, Kaluki alifunga geti la shule ya udereva. Gari alikuwa ameliegesha mwenyewe kando ya ukuta. Ufunguo ulikuwa mkobani.

Tik... tik... tik...

Indiketa ya kushoto ilikuwa inawaka.

Alisimama. Kupitia kioo aliona kiti cha kulia kimebonyea. Upepo ukaleta harufu ya mbarika. Barabara ilikuwa wazi nyuma yake, na angeweza kukimbia mpaka kwa Githinji bila kupumzika. Lakini kesho saa mbili asubuhi, kwenye kiti hichohicho, angekaa Idah, msichana wa miaka kumi na tisa ambaye bado anafumba macho akipishana na lori.

Na kuegesha alikuwa ameahidi; ahadi ni deni, hata ikitoka kwa mazoea.

Kaluki alizunguka, akafungua mlango wa kushoto. Ndani kulikuwa na baridi. Akakaa, akaweka mguu juu ya breki yake, akaijaribu mara mbili. Ilikuwa imara. Hakugeuka kutazama kulia.

"Mshipi kwanza," alisema.

Kulia kwake, polepole, mshipi ukavutwa... ukavutwa... ukafungika.

Klik.