Si Dansi Iliyomwangusha Ezequiel

Kila alasiri Ezequiel alitoka shuleni, akala tortila mbili za maharage akiwa amesimama, kisha akakimbilia gereji ya mjomba wake. Huko vijana saba walifanya mazoezi ya dansi kwa ajili ya sherehe ya binamu yake Yaretzi, aliyekuwa anatimiza miaka kumi na tano. Pale Pharr, mjini kwao, sherehe hiyo ni kama harusi ndogo. Kijana akichaguliwa kuwa msindikizaji, hakatai.

Jumatatu alileta nyumbani mtihani wa hesabu: arobaini na nane kwa mia. Asipopata sabini kwenye mtihani wa marudio, Ijumaa ya wiki iliyofuata, angerudia hesabu likizo nzima. Safari ya Monterrey kwa bibi yake ingefutwa.

"Ni dansi, Mama. Sina muda. Bora nijitoe."

"Umwaibishe binti wa watu sherehe ikiwa mlangoni? Thubutu!" Mama yake, Leticia, alimpa daftari. "Siku tatu, andika unachofanya kila nusu saa. Na usinidanganye, macho ninayo."

Alhamisi yeye na mama yake walilisoma daftari pamoja. Kila siku dansi ilichukua saa moja. Simu, saa mbili na nusu. Hesabu, dakika kumi, tena simu ikiwa mapajani.

Yaretzi, aliyekuja kumwita mazoezini, alichungulia akaangua kicheko. "Kumbe nasingiziwa! Bwana msindikizaji, mchumba wako ni simu!"

"Hebu nyamaza wewe!" Ezequiel alisema, masikio yakimwaka.

Kisha akamgeukia mama yake. "Mama, basi ichukue hii simu."

"Nikiichukua, nitakuwa nimekupangia mimi, hujajipanga wewe. Amua mwenyewe."

Akaamua: saa moja ya hesabu kwanza, simu ikiwa kwenye droo ya jikoni, ndipo dansi. Siku ya kwanza aliiendea droo mara nne. Ya pili, mara mbili. Hesabu za sehemu zilipomshinda, alimfuata mwalimu badala ya kuruka swali kama zamani.

Ijumaa ya mtihani alipata sabini na nne.

"Umepita kwa taabu," Mama alisema, lakini tabasamu lilimponyoka. "Sikiliza, mwanangu. Akili ulikuwa nayo, na muda ulikuwa nao. Ulichokosa ni kujisimamia. Mwalimu hawezi kukufanyia hilo, wala mimi. Sasa nenda, wenzako wanakungoja. Na usimkanyage Yaretzi."