Giaboksi Iliyooshwa

Fundi Eliakimu alikutwa amelala kifudifudi kando ya benchi lake la kazi, kisogo kimepasuka, spana bado imo mkononi. Aliyemkuta ni mkewe, Frida, aliyekuwa akimpelekea uji wa asubuhi. Chupa ilimponyoka pale mlangoni, na uji ukamwagika hadi barabarani.

Inspekta Leonia Ntakije alifika kwenye gereji hiyo ya Katubuka pamoja na Koplo Erasto na mpiga picha wa polisi. Majirani walikuwa wameshajaa. Kila mmoja alikuwa na lake la kusema, lakini jina lilikuwa moja tu: Chande.

"Afande, hapa huna haja ya kujisumbua," mwanamke mmoja muuza maandazi alimwambia. "Chande aliapa makaburini, mji mzima ukasikia."

Leonia alimpita, akaingia gerejini. Kazi ilikwisha kumfundisha kwamba mji mzima ukisikia jambo, nusu yake haikuwapo.

Kisa chenyewe kilijulikana. Mwasiti, mke wa Chande wa Ujiji, alishikwa na uchungu siku ya mvua kubwa. Kaka yake, Abdulmajid, alimpakia kwenye gari lake dogo la Kijapani ampeleke hospitali. Kwenye mwinuko wa kuingia mjini injini ikanguruma na gari lisiende. Hadi bajaji inapatikana kwenye mvua ile, Mwasiti alikuwa amepoteza damu nyingi. Mtoto aliokolewa, mama hakuokoka. Na giaboksi ya gari hilo, ya aina ya CVT, ilikuwa imebadilishwa na Eliakimu miezi michache tu iliyopita. Watu hawakungoja hakimu. Walimhukumu fundi siku hiyohiyo, na wateja wakamkimbia.

Sasa giaboksi ile ilikuwa juu ya benchi, imefunguliwa. Leonia aliinama, akanusa. Ilinukia sabuni ya kufulia.

"Sampo imeoshwa," alisema. Lile trei la chini linalokusanya oili lilikuwa linang'aa kama sahani ya mgeni.

"Fundi msafi, afande," Erasto alisema.

"Tazama sakafu."

Erasto akatazama. Sakafu ilikuwa nyeusi tii kwa grisi ya miaka mingi. Mtu aliyeishi na sakafu ile hakuwa mtu wa kung'arisha sampo. Tena filta ya giaboksi haikuwapo, na beseni la kumwagia oili chafu lilikuwa kavu. Chini ya benchi, Leonia aliokota mfuko mpya wa sabuni ya unga uliochanwa kwa haraka. Aliutia kwenye bahasha ya vielelezo.

Daktari alisema marehemu alipigwa mara mbili kutoka nyuma kwa chuma kizito, pengine mpini wa jeki. Mpini wenyewe ulikuwa ukutani, nao umeoshwa.

Frida alikaa kwenye tairi kuukuu, kanga kichwani. Leonia alichuchumaa mbele yake.

"Pole sana, mama. Mumeo alikuwa na adui?"

"Mawe," Frida alinong'ona. Ndivyo Waha wanavyomwita mama, hata wakiwa watu wazima, mambo yakiwazidi. "Tangu yule binti afe, Ujiji nzima ilikuwa adui yake. Lakini aliyemtishia ni Chande."

Chande alikamatwa kabla ya adhuhuri. Hakukimbia wala hakubisha. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Alfajiri ulikuwa wapi?" Leonia aliuliza.

"Makaburini."

"Na nani?"

"Na mke wangu."

"Nauliza aliyekuona."

"Hakuna."

"Uliapa kumuua Eliakimu?"

"Niliapa."

"Ukamuua?"

"Kwanza nilitaka kujua. Mimi ndiye niliyelivuta gari la shemeji hadi gerejini kwake. Nilimwambia, fungua hadharani, watu waone takataka uliyoweka. Akaniambia nipite leo adhuhuri, atanionyesha. Sasa nani atanionyesha?"

"Oili ya giaboksi umeipeleka wapi?"

"Oili gani?"

Leonia alimkazia macho. Chande hakuelewa kabisa alichoulizwa.

"Afande," Chande alisema, sauti imeanza kukatika, "nifungeni mkitaka. Lakini mtoto wangu halali mpaka alale kifuani kwangu. Maziwa ya kopo anayatapika. Bibi yake ni mzee, hawezi kukesha. Mungu ameshamchukua mama yake. Mkinichukua na mimi, atabaki na nani?"

Leonia alifunga daftari lake. Mauaji hayana dhamana. Chande akishasomewa shtaka angekaa mahabusu hadi kesi iishe, na kesi za namna hiyo haziishi upesi. Mtoto yule angejifunza kutembea bila baba.

Mkuu wa upelelezi hakuwa na subira.

"Ana sababu, ametishia, na hana shahidi wa alipokuwa," alisema. "Unataka nini tena?"

"Nataka kujua nani ameosha giaboksi, mkuu."

"Giaboksi haijafa, Leonia. Aliyekufa ni mtu. Kesho jioni jalada liende kwa mwendesha mashtaka."

Leonia alitoka. Garini alimgeukia Erasto.

"Niambie. Wewe una hasira, umetaka giaboksi ifunguliwe ili watu waone. Utamuua fundi kabla hajakuonyesha?"

"Siwezi."

"Na ukishaua, utakaa uoshe sampo kwa sabuni?"

"Nitakimbia, afande."

"Basi aliyeosha alikuwa anaogopa kilichomo ndani."

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," Erasto alisema. Leonia aligeuza gari kuelekea nyumbani kwa Frida.

Msiba ulikuwa umeanza. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani, wengine wanaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Frida alimchukua Leonia hadi chumbani.

"Jana Eliakimu alirudije kutoka kazini?" Leonia aliuliza.

"Alirudi na furaha. Mara ya kwanza tangu msiba wa Ujiji. Alikula akamaliza sahani."

"Alirudi na kitu chochote?"

Frida alivuta sanduku chini ya kitanda. Humo, ndani ya kitenge, alitoa chupa ndogo ya maji yenye oili.

"Ndiyo kawaida yake. Kila mteja alimwekea oili chafu iliyotoka kwenye gari lake, amwonyeshe, asije akasema ameibiwa. Hii hakuthubutu kuilaza gerejini, kwa sababu watu walikuwa wanarusha mawe. Aliniambia, Frida, hii itanisafisha."

"Mbona hukutuambia asubuhi?"

"Mliniuliza adui. Oili hamkuniuliza."

Leonia aliinua chupa dirishani. Oili ilikuwa imechafuka na ina vumbi la chuma linalometameta, lakini rangi yake haikujificha. Ilikuwa nyekundu.

"CVT hainywi nyekundu," Frida alisema. "Mume wangu alikuwa anaimba wimbo huo kila siku. Yake ni ya kijani, na hapa Kigoma ikiisha unangoja ije na basi kutoka Dar. Ndani yake hakuna gia za meno zinazopokezana. Kuna mkanda wa chuma unaobanwa na puli mbili. Ukiitia nyekundu mkanda unateleza, unajikwangua kidogo kidogo, siku moja unaachia. Alimwambia mwenye gari siku ile ile alipoifunga: ikipungua usiongeze, lete kwangu."

Leonia hakuuliza mwenye gari ni nani. Mji ule, gari lolote lisilo na klachi huitwa oto, na oto hunywa oili nyekundu. Watu wanalijua hilo kama wanavyojua kwamba dagaa huanikwa juani, na hakuna anayefikiri kuuliza. Abdulmajid naye hakuuliza.

Siku hiyo Erasto alizunguka maduka yote ya oili. Katika duka la nne muuzaji alimkumbuka Abdulmajid vizuri. Alikuwa akinunua nyekundu mara kwa mara. "Nilimuuliza ya gari gani, akasema oto yake inavuja kidogo," muuzaji alisema.

Kununua oili si kuua. Leonia alilijua hilo, na jioni ya kesho ilikuwa inakaribia.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa arobaini ya Mwasiti. Nyumbani kwao Ujiji mikeka ilikuwa imetandikwa, wanaume wanasoma hitima, masufuria ya pilau yako motoni uani. Bi Asia, mama yake Mwasiti na Abdulmajid, alikuwa barazani na mtoto mapajani. Mtoto alikuwa analia kilio cha kuchoka, kile kisicho na nguvu tena.

"Shikamoo, mama," Leonia alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umemleta baba wa mtoto?"

"Bado."

"Amelia tangu jana. Basi umeleta nini?"

Leonia aliinamisha kichwa. Aliomba kuzungumza na Abdulmajid chumbani. Erasto alisimama mlangoni.

Abdulmajid alikuja na kanzu nyeupe. Alikuwa amekonda sana kwa mtu wa umri wake. Leonia aliweka mezani bahasha ya kaki iliyofungwa.

"Gari lako lilikuwa linahudumiwa na nani?"

"Eliakimu tu."

"Wewe hukuwahi kuongeza chochote?"

"Maji ya kuoshea kioo. Mimi najua kuendesha, mambo ya ndani siyajui."

"Jana alfajiri?"

"Nilikuwa msikitini. Kisha nikarudi kulala."

"Aliyemuua Eliakimu alimwaga oili yote ya giaboksi," Leonia alisema taratibu. "Lakini Eliakimu alikuwa ameshaweka kidogo kwenye chupa. Imo humu. Inakwenda kwa mkemia."

Abdulmajid aliitazama bahasha.

"Mtu yeyote anaweza kujaza nyekundu kwenye chupa, akasema imetoka kwenye gari langu."

Nje kisomo kiliendelea.

"Bahasha imefungwa, Abdulmajid," Leonia alisema. "Nani amekuambia ni nyekundu?"

"Mafundi wanasema..."

"Mambo ya ndani huyajui. Umesema mwenyewe. Muuza oili amekutambua. Na mfuko wa sabuni ya unga una alama za vidole, tutazilinganisha na zako leo hii." Akageuza uso kuelekea barazani. "Shemeji yako yuko mahabusu kwa ajili yako. Unamsikia mtoto wake?"

Kilio kilikuwa kinapenya ukutani. Abdulmajid alijiziba masikio kwa viganja, kisha akaviacha vikaanguka mapajani.

"Nakuonya," Leonia alisema. "Si lazima useme. Utakalosema litaandikwa na litatumika mahakamani."

"Andika, afande. Nimechoka." Alipumua. "Kijani ilikuwa haipatikani. Gari linavuja kidogo, nikaona oili ni oili, naongeza. Siku ile Mwasiti yuko kiti cha nyuma, mvua inanyesha. Nakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari limesimama. Akaniuliza, kaka, mbona hatuendi? Nikamwambia tunakwenda. Akaniuliza tena. Nikamdanganya tena."

"Ukajua ni oili?"

"Nilijua palepale. Nilikumbuka maneno ya Eliakimu. Lakini msibani mama yangu alimlaani Eliakimu kwa kinywa chake mwenyewe, watu wakaitikia amina. Nikasema, basi, laana imepata mtu. Ningemwambiaje mama kwamba mtu mwenyewe ni mimi? Amezaa wawili tu."

"Jana ilikuwaje?"

"Eliakimu alinipigia simu juzi jioni, nije mapema kabla Chande hajafika. Nilikwenda baada ya sala. Akanionyesha oili kwenye beseni, akanionyesha filta imejaa chuma. Nilimpigia magoti, afande. Nikamwambia, sema giaboksi ilitoka Japani mbovu. Akasema hawezi, ana watoto, na watu wamemkimbia. Akageuka kuendelea na kazi."

"Ukampiga."

"Nikampiga. Kisha nikaenda kununua sabuni."

Kalamu ya Leonia ilisimama. Alikuwa ameandika maungamo mengi, lakini hakuwahi kuandika sabuni.

"Kabla hajageuka, alikuambia nini mwisho?"

Abdulmajid alianza kulia, bila sauti.

"Alisema hatanisema mbele za watu. Alisema, tukimaliza hapa twende wote kwa mama yako. Utasema wewe mwenyewe, mimi nitakaa pembeni yako."

Leonia aliinua macho. Bi Asia alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani. Erasto alikuwa pembeni yake, kichwa chini, kwa kuwa hakuweza kumzuia mama mwenye nyumba.

"Mngekuja wote wawili, ningewapokea," Bi Asia alisema. "Ningelia, ningekupiga hata makofi, lakini ningewapokea. Heri nusu shari, mwanangu. Sasa umeniletea shari kamili."

Abdulmajid alitoa mikono yake mwenyewe, Erasto akamfunga pingu.

Leonia alipiga simu kituoni. Chande aliletwa Ujiji kabla pilau halijapakuliwa. Hakuuliza nani wala kwa nini. Alimpokea mtoto, akaketi chini palepale uani, akamlaza kifuani. Kilio kikapungua, kikaisha.

Bi Asia alichukua ukaya wake, akajitanda kichwani, akafuata gari la polisi.

"Mama, tunampeleka kituoni," Leonia alimwambia.

"Najua. Mimi nishusheni Katubuka, kwa mke wa fundi. Nimemlaani mtu asiye na kosa."

Alikaa kiti cha mbele. Mwanawe alikuwa nyuma, kati ya askari wawili. Njia nzima Bi Asia hakugeuka kumtazama.

Kwa Frida, alivua ndara mlangoni. Wanawake waliacha kuimba. Leonia alisimama nyuma yake, tayari kwa lolote, maana alijua jinsi msiba unavyoweza kugeuka kuwa vita.

"Hunijui," Bi Asia alimwambia Frida. "Mimi ni mama yake Mwasiti. Aliyemuua mumeo ni mwanangu. Mumeo hakuwa na kosa, na mimi nilimlaani. Nimekuja kulia nawe, ukinikubalia. Ukinifukuza, nitakwenda."

Frida alizitazama ndara zile mlangoni. Kisha alisogea kando, akampisha kwenye mkeka.